Ukuta wa Chande katika Nchi ya Nafuu

Nchi ya Nafuu sikuitafuta. Nilipewa salamu za kupeleka huko, nami mtu akinipa salamu miguu huanza kuwasha. Aliyenipa ni bibi mmoja wa mabondeni, Bi Chausiku, aliyenikaribisha uji nilipopita kijijini kwake. Aliposikia naelekea Nafuu aliweka bakuli chini akasema:

"Nina dada yangu huko. Mwambie Siwatu mrefu aje kabla sijamsahau. Mimi siku hizi nasahau. Juzi nimetafuta jina la marehemu mume wangu asubuhi nzima, nikaishia kumwita yule bwana."

Nilicheka. Yeye hakucheka, basi nikaupokea ujumbe kama ulivyo.

Mpakani mwa Nafuu nilimkuta karani mwenye adabu nyingi. Alinivisha shingoni kibao cha mti, kidogo kama kiganja cha mtoto, kimechongwa vizuri na kupakwa mafuta.

"Cha nini hiki?" nikamuuliza.

"Imani," akasema. "Nchi inakuamini, mzee wangu. Ukiingia duka lolote gonga kibao mezani, chukua unachotaka, nenda zako. Hakuna atakayekudai."

"Na mwisho wake?"

"Mzee, hata hujaanza unauliza mwisho."

Nikakivua nikamrudishia. Akasikitika kweli, akaandika kwamba ameingia mtu mmoja asiyeaminika. Nilikuja kujua baadaye kwamba Nafuu mtu aliyewahi kukopa sana akashindwa kulipa anapata pa kulala, lakini ambaye hajawahi kukopa kabisa hapati. Wanasema hawana la kumpimia.

Nyumba za huko ni nzuri, sikatai. Zina rangi, zina mapazia ya hariri. Lakini katikati ya kila mlango, pale ambapo kwetu mtu angeona ukumbi na viatu vya watoto, pamejengwa ukuta. Nyumba nyingine ukuta ni wa magotini, nyingine wa kifuani. Nilipita moja ambayo mlango umejaa hadi juu, na ndani nikasikia mtu anakohoa na redio inaimba.

Mambo yao yako hivi. Ukigonga kibao dukani, ko, unabeba mzigo wako na kila mtu anakutabasamia. Mwisho wa mwezi waashi wanakuja na salamu nzuri kabisa, wanajenga mlangoni pako matofali kwa kadiri ulivyogonga. Mwezi unaofuata hukugonga kitu, lakini wanarudi na kuongeza mengine. Ukiuliza, wanakuambia matofali yamezaa. Nilidhani ni utani wa waashi, hadi nilipopita kwenye tanuri la serikali nikasoma maandishi makubwa juu ya lango: TOFALI LINA HAKI YA KUZAA.

Mtu akitaka kupunguza ukuta wake anakwenda tanurini, analipa, anang'oa tofali lake na kulirudisha kwa kichwa chake mwenyewe. Asiye na uwezo hutoa moja tu kwa mwezi. Wanaliita tofali la adabu, na anayelitoa bila kukosa huitwa raia mwema. Nilikaa nikapiga hesabu kwa vidole, maana hesabu nilisoma mpaka pale tulipofika kutoa, mwalimu akahama. Lakini hata kwa vidole jambo lilionekana: anatoa moja, yanazaliwa mawili. Raia mwema wa Nafuu anajengewa kaburi polepole, kwa heshima zake zote.

Nyumba ya Bi Siwatu niliionyeshwa mtaa wa nyuma. Ukuta wake ulimfika mtu kifuani. Nikapiga hodi.

"Karibu, ila usivuke," sauti ya mwanamume ikajibu. Akatokea kijana mwenye nyuzi za sufi kwenye nywele, kama ameamka ndani ya mto. "Shikamoo mzee. Mimi Chande. Ukivuka tutashtakiwa wote wawili."

Huyo ndiye mtoto wa Bi Siwatu, fundi wa kushona magodoro. Ukuta ule ulikuwa wake. Alinisimulia akiwa ndani nami nikiwa nje, viwiko vyetu vyote juu ya matofali, kama watu wanaoegemea kaunta. Mama yake aliugua, akagonga kibao kwa dawa. Akagonga kwa kitanda chenye miguu ya chuma. Hapo angeweza kuacha. Lakini mwaka ule mdogo wake alioa, naye hakutaka kuonekana maskini mbele ya wakwe, akagonga kwa suti, akagonga kwa ng'ombe wawili, akagonga kwa kioo kikubwa cha ukutani ambacho hadi leo hajui alikitakia nini.

"Si ukiuze," nikamwambia.

"Kitoke kipite wapi?" Akaupiga ukuta kwa kiganja. "Nataka nikiuze nilipe ukuta, na ukuta ndio unaokizuia. Mzee, hebu geuka ukaitazame nchi hii vizuri. Yote iko hivyo."

Sheria ya Nafuu humruhusu mwenye deni peke yake kupanda juu ya ukuta kwenda kazini na kurudi. Wengine wa nyumba hukaa ndani mpaka ukuta ushuke chini ya magoti. Atakayevushwa kabla ya hapo huhesabiwa kuwa mali iliyotoroshwa, na madirisha ya huko ni ya kupitishia sahani tu.

Basi Bi Siwatu alikuwa ndani. Nikampa salamu za dada yake kama nilivyopewa. Alikuwa mwanamke mkongwe, mgongo umepinda, macho yameingia ukungu. Aliposikia maneno "Siwatu mrefu" alishika ukuta kwa mikono miwili.

"Kaniita hivyo? Mrefu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi bado ananijua," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe, bila hasira, kama mtu anayeagiza chumvi. "Chande, mimi nataka kutoka."

Kwa kuwa sikuaminika sikupata nyumba ya wageni, wakanipa baraza ya nje. Nililala hapo, na mchana nikawa namchambulia Chande sufi. Nilikusudia kukaa siku chache. Nilikaa mvua mbili.

Kila asubuhi, kabla Chande hajapanda ukuta kwenda kuzungukia kazi zake, Bi Siwatu alikuja mlangoni kuupima. Macho yalikuwa hayamsaidii, kwa hiyo alipima kwa mwili. Alisogea hadi matofali yamguse, akasimama, akatangaza:

"Kidevuni."

Chande alifanya kazi kama punda. Alikula mlo mmoja, kibao alikifunga ndani ya soksi akakining'iniza juu ya dari asikione. Mwezi wa kwanza alitoa kozi nzima, yaani safu moja ya matofali kutoka nguzo hadi nguzo. Asubuhi mama akaja.

"Kidevuni."

"Mama, nimetoa kozi nzima."

"Basi umetoa ya jirani. Hapa ni kidevuni."

Akatoa nyingine. Mimi niliyekuwa nje niliona ukuta umeshuka, umemfika Chande tumboni. Mama akaja, akasimama, akasema neno lake lile lile. Siku hiyo Chande hakukimbilia kazini. Alikaa barazani karibu nami, shazia mkononi, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, akawa anachoma sakafu.

"Tutaendeleaje hivi, mzee? Natoa damu, kwake ukuta haushuki hata ukucha."

"Ukuta unashuka," nikamwambia. "Na mama yako anashuka."

Alinitazama. Kisha akainuka akatazama ndani, ambako yule bibi alikuwa akirudi kitandani amejikunja kama ndoana.  Akaenda zake kazini, na kuanzia siku hiyo hakubishana tena na kipimo cha mama yake. Alijua anashindana na nani.

Sasa ndipo walipokuja watu wa Idara ya Kutia Moyo.

Idara hii ndiyo fahari ya Nafuu. Wakuu wa nchi waliona wenye kuta wengi huanza kulipa kwa nguvu, kisha hukata tamaa, wakarudi kwenye tofali la adabu. Wakaamua raia asiachwe peke yake. Ukuta wowote ukishuka kutoka kifuani kwenda tumboni, au tumboni kwenda kiunoni, Idara inaleta ngoma.

Walifika adhuhuri wamevaa sare ya kitambaa kimoja, na sufuria la pilau, na ngoma tatu, na bango lenye jina la Chande limekosewa herufi. Kiongozi wao wa mtaa alikuwa Bi Mashavu, mama mnene mwenye sauti ya kupasua mbao.

"Chande, baba, simama hapa katikati. Cheka basi."

"Nimechoka, shangazi."

"Kuchoka ndiko tulikokuja kukutoa. Sema: mimi ni simba wa matofali."

"Mimi ni fundi magodoro."

"Anaona haya," Bi Mashavu akawaambia wenzake, na vigelegele vikapigwa. Majirani wakala pilau juu ya kuta zao, sahani zikipita kwa mikono. Mimi nilikula pia. Lilikuwa pilau zuri.

Asubuhi yake waashi wawili walikuja na mkokoteni.

"Tumekuja kuweka furaha ya jana," akasema mmoja.

Wakajenga pilau, wakajenga ngoma, wakajenga kitambaa cha sare. Waliposafisha mwiko wao ukuta ulikuwa umerudi kifuani.

Nilimfuata Bi Mashavu kwake kumuuliza kama huo ni utu. Nilimkuta akijipaka dawa ya koo. Mlango wake ulikuwa umejengwa hadi machoni, tukaongea nikiona paji la uso na kilemba tu.

"Unafikiri mimi sioni, babu?" akasema. "Kila nikipiga vigelegele napunguziwa nusu tofali. Nina wajukuu wanne humu ndani. Nikiacha kumfurahia Chande, wa kwangu watatoka lini?"

"Kwa hiyo unamfungia yule bibi ili uwafungulie hawa."

"Na wewe ulikula pilau," akasema, akafunga pazia.

Nikarudi barazani kwangu.

Chande alikuwa amekwisha kupata shauri lake. Angelipa kimya kimya. Alining'iniza jamvi kubwa mlangoni, likafunika kuanzia juu hadi chini, mtu wa nje asione ukuta uko wapi. Alfajiri, kabla Idara haijaamka, alibeba matofali yake hadi tanurini. Mlinzi wa tanuri alipokea malipo, akapokea tofali, hakuuliza, maana kazi yake ni kupokea. Ukuta ulishuka tumboni bila ngoma. Ukashuka kiunoni, hakuna aliyempigia kelele. Hakuna aliyemwita simba. Mara nyingine nilimwona amesimama njiani kuvuta pumzi, tofali kichwani, uso umekuwa kama wa mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kisha anatikisika, anaendelea. Hakuwa na furaha hata kidogo. Alikuwa akienda tu.

Ilifika asubuhi mama akaja kupima, akasogea. Akajipapasa.

"Kitovuni," akasema.

Chande aliketi chini nyuma ya jamvi akafunika uso kwa mikono.

Tukaanza kupanga safari. Nilitengeneza machela kwa miti miwili na kitambaa cha godoro. Msafiri mmoja wa mabondeni alipita, akasema Bi Chausiku anaulizia kila mtu habari za dada yake, ila jina limemtoka, anasema tu yule mrefu. Bi Siwatu alisikia. Alinituma nimnunulie hina, nikamnunulia, akajipaka mwenyewe, ikaenda nusu kwenye vidole nusu kwenye shuka. Ilibaki kozi moja juu ya magoti.

Kilichotuponza ni lile jamvi. Nafuu mtu hutundika jamvi mlangoni pale ukuta unapomzidi akaona haya. Majirani waliliona, wakamhurumia Chande, wakapeleka habari. Bi Mashavu akaja na watu wake kwa nia njema ya kumfariji. Alipolivuta jamvi pembeni ili amkumbatie, alikuta ukuta wa mapajani, na nyuma yake bibi aliyepakwa hina, machela imeegemezwa kwenye kioo kikubwa.

Bi Mashavu alishusha jamvi tena, taratibu. Lakini nyuma yake walikuwepo wengine, na wote walikuwa wameona.

Baraza la Milango lilikaa siku ya pili. Mshitaki alikuwa mkuu wa Idara, Bwana Ngwali, mtu mwembamba anayeongea chini chini kama yuko msibani. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye usingizi. Niliruhusiwa kukaa nyuma.

"Huyu alilipa?" Mwenyekiti akauliza.

"Alilipa," akasema Bwana Ngwali.

"Matofali yako tanurini?"

"Yapo yote."

"Sasa shida nini?"

"Shida, Mheshimiwa, ni kwamba hakufurahi."

Wajumbe wakanong'ona. Bwana Ngwali akaendelea, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, ndiyo maana ilinitisha. Alisema mtu anayelipa bila kushangiliwa analipa kwa uchungu, na uchungu ukienea watu watauliza maswali kuhusu matofali. Alisema tofali lililotoka bila vigelegele limetoka bila mashahidi, na lisilo na shahidi haliwezi kusemwa limetoka.

Mjumbe mmoja kijana alisimama. "Lakini kama amebakiza kozi moja, kwa nini asimalizie?"

"Akimaliza," Bwana Ngwali akamjibu kwa upole, "tutamtia moyo kwa lipi?"

Yule kijana alikaa. Niliona anatafuta kosa katika jibu lile na halipati, maana alikulia humo.

Nikaomba kusema. Nikasema kuna bibi anataka kumwona dada yake kabla ya kusahauliwa, na hilo ndilo lililomtia moyo mtu huyu, hakuhitaji ngoma.

"Mgeni huyu ana kibao?" Mwenyekiti akauliza.

"Hana."

"Basi andikeni kwamba hakuna aliyesema."

Hukumu ilikuwa fupi. Matofali yote yaliyotoka kimya yarudishwe mlangoni. Sherehe zote zilizokwepwa zifanyike kwa mkupuo, siku moja, kwa gharama ya mshitakiwa. Na kwa kuwa ameonyesha uwezo mkubwa wa kulipa, nchi inamwongezea imani: apewe kibao kipya, kikubwa mara mbili.

Sherehe walizifanya. Ngoma ya tumboni, ikafuata ya kiunoni, ikafuata ya mapajani, tangu asubuhi hadi jioni, na Chande katikati na kibao kipya shingoni. Sheria inataka meno yaonekane, akayaonyesha. Bi Mashavu alipiga vigelegele hadi sauti ikakatika, na hakutazama upande wa mlango hata mara moja. Ndani kulikuwa kimya. Pilau mara hii sikula. Si kitu cha kujisifia, lile la kwanza nilishalila.

Asubuhi waashi walikuja na mikokoteni. Walijenga wakapita kiunoni, wakapita kifuani, wakasimama shingoni kwa Chande. Mmoja wao alimpa pole, akaokota mwiko, wakaondoka.

Chande alikuwa nje, ameketi barazani. Shazia alikuwa ameitupa uwanjani. Alikuwa ameshika kile kibao kikubwa, anakigeuzageuza, anakigonga taratibu kwenye goti. Nilijua anachofikiria. Angeenda dukani, angegonga, angegonga tena, angeleta nyumbani kila kitu kizuri mpaka mlango ujae hadi juu na asiwe na sababu ya kuamka mapema. Wengi wa mtaa ule walikuwa wamemaliza hivyo.

"Mzee," akasema, "ungekuwa wewe?"

Kabla sijajibu tulisikia nyayo ndani zikiburuta. Ilikuwa saa ya kupima.

Chande alisimama. "Mama, leo usije," akasema. "Rudi ulale."

Nyayo zikafika. Tukasikia mikono inapapasa matofali, kutoka chini, inapanda, inapanda, haifiki mwisho. Kwa mgongo ule, ukuta ulikuwa umemzidi kichwa kwa mbali. Mikono ikatulia. Nilitaka kuondoka nisione, lakini miguu yangu, ambayo siku zote inajua kuondoka, haikuondoka.

Kisha tukasikia pumzi, ile ya mtu anayenyanyua gunia. Kukawa na mlio kama wa vijiti vikavu vinavyovunjwa kimoja kimoja. Juu ya kozi ya mwisho likatokea pindo la kitambaa cha kichwa. Likatokea paji la uso. Macho yale ya ukungu, yametoka machozi ya maumivu, yakatokea, halafu pua, halafu mdomo umeumwa kwa meno. Nilikuwa nimeishi naye mvua mbili na sikuwahi kujua urefu wake. Alikuwa mrefu karibu sawa na mwanawe. Akapandisha kidevu, akakilaza juu ya ukuta.

"Kidevuni," akasema. Akavuta pumzi. "Kidevuni tu, mwanangu. Kama ulivyoanza."

Alikaa vile mpaka alipoona, au alipohisi, kwamba Chande amekwenda uwanjani kuokota shazia. Ndipo akashuka, na tulimsikia anavyoshuka.

Niliondoka siku ile ile. Kibao kikubwa nilikiona kimetumiwa kuzuia makuti ya banda la sufi yasipeperuke. Bi Siwatu alinipa salamu za kumpelekea dada yake kupitia dirisha la sahani: "Mwambie mrefu yuko njiani."

Nilizifikisha kama zilivyo. Bi Chausiku alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza ni nani huyo. Nikamwambia. Akauliza tena, nikamwambia tena, ni yule mrefu.  Alikuwa ameketi katikati ya mkeka, na baada ya muda alisogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaendelea kutazama njia.